Walianza kwa porojo za mtandaoni, wakaishia kuchora ramani ya ghasia

DESEMBA 30, 2007, siku ile ile ambayo Rais Mwai Kibaki aliapishwa kwa muhula wa pili, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, John Michuki, alitoa amri hiyo kwa hoja ya kulinda usalama wa umma. Marufuku hiyo ilidumu hadi Februari 4, 2008. Katika siku hizo zaidi ya thelathini, mkazi wa Kitale aliyetaka kujua kama barabara ya kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye ilikuwa ikipitika, hakuwa na pa kuuliza kwa haraka ila kwenye simu yake ya rununu.

Na simu nayo ilikuwa na mambo yake. Arafa zilizoingia zilichanganya salamu za jamaa, maonyo ya kweli, uvumi mtupu na matusi ya kikabila yaliyomtaka mpokeaji awapelekee wenzake. Aliyezipokea hakuwa na njia ya kupambanua. Ujumbe uliosema kwamba mtaa fulani ungevamiwa usiku uliweza kuokoa watu endapo ulikuwa wa kweli. Endapo ulikuwa wa uongo, uliweza kuwafanya vijana wa mtaa huo watoke na mapanga kuwatangulia maadui ambao hawakuwapo.

Ndani ya serikali palikuwa na fikira ya kuzima huduma ya arafa kote nchini. Aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa Safaricom, Michael Joseph, alipinga hatua hiyo, na badala yake kampuni hiyo ikawatumia wateja wake, waliokadiriwa kuwa milioni tisa, jumbe za kuhimiza amani na utulivu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kuzima arafa kungaliwanyamazisha wachochezi pamoja na wale waliokuwa wakiomba msaada. Hata hivyo, ujumbe wa amani haumwambii mtu kama barabara inapitika. Pengo hilo la habari lilizibwa, kwa kiasi fulani, na watu ambao hakuna aliyewatarajia.

Watu hao walikuwa wataalamu wa tarakilishi, mawakili na wanafunzi waliokuwa na mazoea ya kuandika mtandaoni baada ya kazi. Tangu mwaka wa 2004, Daudi Were alikuwa amewakusanya waandishi wengi wa namna hiyo katika mtandao uliojulikana kwa kifupi kama KBW, uliounganisha blogu za Wakenya walio nyumbani na ng'ambo. Kurasa hizo hazikuwa na mhariri wala mshahara. Mwandishi mmoja angezungumzia kichwa cha habari cha gazeti la asubuhi, kisha muziki mpya, kisha simu iliyoingia madukani, kisha mbunge aliyesinzia bungeni. Lugha ilikuwa ya mazungumzo. Mzaha ulikuwa mwingi, na mara nyingi msomaji hakupata jipya zaidi ya maoni ya mtu aliyekaa mbele ya mtambo wake akinywa chai.

Wasomi wengi wa magazeti waliudharau uandishi huo, na dharau hiyo haikukosa sababu. Maoni ni rahisi. Habari ni ghali. Aliyekuwa Nairobi au Johannesburg angeweza kuandika kurasa tatu kuhusu bei ya mahindi ya Trans Nzoia bila kumpigia simu mkulima hata mmoja. Isitoshe, wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yote ya intaneti na ulimwengu wa nje, kwa hivyo mtandao ulikuwa wa polepole na wa bei. Mkahawa wa intaneti wa mji kama Kitale au Bungoma ulitoza kwa dakika, na mteja mwenye sarafu chache alifungua barua pepe yake, akajibu upesi, akaondoka. Porojo za mtandaoni zilikuwa anasa ya wale wenye mtambo ofisini.

Kati ya waandishi hao alikuwamo Ory Okolloh, wakili aliyekuwa na blogu iliyoitwa Kenyan Pundit. Alikuwa akiishi Afrika Kusini na alikuwa amerudi nyumbani wakati wa uchaguzi. Matangazo ya moja kwa moja yalipokatazwa, ukurasa wake uligeuka kituo cha habari. Wasomaji walimtumia taarifa kutoka pembe mbalimbali za nchi, naye akawa anazichapisha moja baada ya nyingine hadi zikamlemea. Mapema Januari 2008, akiwa njiani kurejea Afrika Kusini, aliandika wazo fupi: je, hakuna mtaalamu wa tarakilishi awezaye kuitumia ramani ya Google kuonyesha mahali ghasia na uharibifu vinapotokea?

Walioitikia walikuwa wenzake wa kurasa zile zile. Erik Hersman, aliyelelewa Sudan na Kenya, alikuwa akiandika kuhusu teknolojia barani Afrika katika ukurasa ulioitwa White African. Juliana Rotich alikuwa akiandika kuhusu teknolojia na nishati chini ya jina la Afromusing. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi jimbo la Alabama nchini Marekani, alikuwa mwenye Mashada, ukumbi mkubwa wa majadiliano ya Wakenya mtandaoni. Kwa muda wa siku chache tu walitengeneza tovuti. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Jinsi ilivyofanya kazi si jambo gumu kulieleza. Mtu alituma ujumbe, ama kwa kujaza fomu kwenye tovuti ama kwa arafa. Ujumbe ulipaswa kujibu maswali matatu: nini kimetokea, wapi, na lini. Matukio yaligawanywa kwa aina, yakiwamo vifo, uporaji, ubakaji na uharibifu wa mali, na hata juhudi za amani zilipewa nafasi yake. Kabla ya taarifa kuwekwa kwenye ramani, mtu aliisoma. Alijaribu kuilinganisha na habari za magazeti, na za mashirika yaliyokuwa mashinani, na za watu wengine waliotuma kutoka eneo lile lile. Zile zilizothibitishwa zilitengwa na zile ambazo bado.

Sehemu iliyowatoa jasho ni lile swali la pili. Tuseme arafa ilisema kwamba nyumba zinateketea Milimani. Milimani iko Kitale, iko Nakuru, iko Kisumu, na miji mingine kadhaa ina Milimani yake. Tuseme iliyofuata ilitaja Matisi, mtaa unaojulikana na kila mwendesha bodaboda wa Kitale lakini ambao mtu aliyekaa Alabama hajapata kuusikia. Au mwandishi wa ujumbe aliandika tu "karibu na soko, upande wa mto". Ramani za mtandaoni za miaka hiyo zilikuwa na barabara kuu za Kenya na majina ya miji. Vijia, masoko ya vijijini na mitaa ya mabanda havikuwamo. Ili kuweka alama moja mahali pake, alihitajika mtu anayeijua Kitale kwa miguu. Hapo ndipo ujuzi wa tarakilishi ulipokomea, na ujuzi wa mwenyeji ulipoanza.

Kobia wakati huo alikuwa akipigana vita viwili. Huku akiijenga Ushahidi, kule Mashada mambo yalikuwa yakiharibika. Ukumbi uliozoea kujadili siasa, wanamuziki na mapenzi ulijaa chuki ya kikabila kiasi kwamba wasimamizi walishindwa kuifuta kwa kasi iliyokuwa ikiandikwa. Kufikia mwisho wa Januari 2008 aliufunga ukumbi. Kisha akafungua ukurasa mwingine ambao jina lake lilitangaza kwamba mwenye kuandika hana kabila, Wakenya wakaanza kuacha humo maungamo, maombi na mashairi.

Kwa hiyo, katika mwezi mmoja, mtu yule yule alifungua mlango mmoja wa mtandao na kufunga mwingine. Tofauti ya milango hiyo miwili haikuwa katika mitambo. Wakenya walioandika Mashada walikuwa Wakenya kama wale waliotuma taarifa Ushahidi, na huenda baadhi walifanya yote mawili kwa siku moja. Lakini Mashada iliwauliza watu wanafikiri nini. Ushahidi iliwauliza wameona nini, wapi na saa ngapi, kisha ikamweka mtu mlangoni wa kuyapima majibu. Mchochezi anaweza kujaza ukurasa mzima kuhusu ubaya wa kabila jirani, lakini akiulizwa jina la kijiji na siku ya tukio, mara nyingi wino humkaukia.

Baadaye mwaka huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walilinganisha habari za vyombo vikuu, maandishi ya wananchi mtandaoni na taarifa za Ushahidi. Waligundua kwamba Ushahidi ilikuwa na matukio mengi ambayo hayakuripotiwa kwingine, na kwamba taarifa zake zilitoka sehemu nyingi zaidi za nchi kuliko zile za makundi hayo mengine mawili. Vyombo vikuu vilihesabu vifo mapema, ila mara nyingi havikueleza vitimbi vilivyotangulia vifo hivyo. Hilo ni jambo zito kwa miji iliyo mbali na Nairobi. Mwandishi wa habari hufika baada ya maiti kupatikana. Mwenye rununu yupo tangu vijikaratasi vya vitisho vilipoanza kubandikwa milangoni.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia hizo. Trans Nzoia haikuepuka. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale, ambako wakulima huenda kutazama ng'ombe wa maziwa na mbegu mpya, uligeuka makao ya watu waliofurushwa makwao.

Sifa za Ushahidi zimeimbwa mara nyingi, na inastahili. Mnamo Januari 2010 programu hiyo ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na tangu hapo imekwenda nchi nyingi. Lakini ukisimama Bungoma au Kitale na kuinua macho, utauona Mlima Elgon, na mlima huo una kisa kisichosimuliwa sana katika mikutano ya wataalamu wa teknolojia.

Huko mlimani watu hawakuanza kuuawa baada ya uchaguzi wa 2007. Walianza kuuawa mwaka wa 2006, kutokana na mzozo wa ugavi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk. Kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force lilichukua silaha, likawatoza wakazi ushuru, likaua, likabaka, na likawakata masikio waliodhaniwa kulipinga. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Makumi ya maelfu walihama, wengine wakateremka Bungoma, wengine upande wa Trans Nzoia. Mnamo Machi 2008, wakati taifa likishangilia mkataba wa amani kati ya Kibaki na Raila Odinga, jeshi lilipelekwa mlimani katika shughuli iliyoitwa Operesheni Okoa Maisha. Kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo. Lakini mashirika ya haki za binadamu, yakiwamo ya Bungoma yenyewe, yaliwashutumu wanajeshi kwa kuwakusanya wanaume kwa mamia, kuwatesa katika kambi ya Kapkota na kuwaacha wengine wasijulikane walipo. Serikali ilikanusha madai hayo.

Kwa nini mtandao uliochora ramani ya ghasia za uchaguzi kwa siku chache haukuwa umechora ramani ya mlima huo kwa mwaka mzima na zaidi?

Jibu la kwanza ni hofu. Ramani ya namna ya Ushahidi humtegemea mtu aliye tayari kusema, na kundi lile lilikuwa likiwaadhibu waliosema. Anayejua kwamba rununu yake yaweza kukaguliwa na kijana mwenye bunduki haandiki arafa inayotaja kijiji. Jeshi lilipofika, wenyeji wakawa na wawili wa kuwaogopa.

Jibu la pili linawahusu wale waliokuwa wakiandika. Wataalamu waliojaza kurasa za mtandao walikuwa na jamaa Nairobi, Eldoret, Kisumu, Nakuru. Ghasia zilipozuka, waliuliza juu ya mama zao na shangazi zao. Wachache mno walikuwa na shangazi Cheptais au Kapsokwony. Ndiyo kawaida ya maoni ya mtandaoni mpaka leo: hufuata mahali mwandishi anapopenda au anapopaogopa, wala hakuna mhariri wa kumwamuru apande gari aende kwingine. Magazeti, pamoja na upungufu wao, yalikuwa na waandishi Bungoma na Kitale waliotuma habari za mlimani, na kituo cha redio cha West FM kilikuwa kikitangaza kutoka Bungoma kwenyewe. Habari hizo zilichapishwa na kusomwa hewani. Zilikosa tu watu wa kuzirudia.

Tena uchaguzi una siku yake. Una saa ya kutangazwa matokeo, una kamera, una mabalozi. Vita vya ardhi vinavyoua watu wawili leo na watatu wiki ijayo havina jioni moja ya kuwakusanya watu mbele ya mtambo. Mwaka wa 2008, madaktari wa shirika la MSF, waliokuwa wakiwatibu wakazi wa mlima huo, walitoa taarifa ambayo jina lake lilikuwa swali la kuuliza kama yupo anayejali. Madaktari hawana desturi ya kutoa vichwa vya habari vya namna hiyo.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009, kwanza TEAMS na kisha SEACOM iliyoanza kazi Julai, na bei ya intaneti ikashuka. Kijana wa Chwele au Endebess hahitaji tena kwenda mkahawa wa mjini. Mtandao umo mfukoni mwake, na porojo ambazo zilikuwa za wenye ofisi zimekuwa za wote. Video za vichekesho, nyimbo, mahubiri, bei za mahindi na tuhuma za wizi wa fedha za kaunti hupita katika kundi moja la WhatsApp kabla ya saa sita mchana. Wataalamu wa tarakilishi si wachambuzi tena peke yao. Kila mtu ni mchambuzi.

Chuki nayo ilipata barabara pana. Kuelekea uchaguzi wa 2013, mradi wa Umati uliokuwa na makao katika kituo cha iHub, Nairobi, uliwaajiri watu wa kusoma kurasa za mtandao kila siku, zikiwamo zilizoandikwa kwa lugha za mama, ili kutafuta maneno ya hatari. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo ilikuwa Facebook, na kwamba wengi wa walioandika hawakujificha. Walitumia majina yanayotambulika. Dhana kwamba chuki ya mtandaoni ni kazi ya watu wasiojulikana, waliojifunika nyuso gizani, haikupata nguvu katika utafiti huo.

Lakini lile swali la Ushahidi, la wapi na lini, lilirudi kwa namna nyingine katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Tume ya uchaguzi iliweka fomu za matokeo ya kura za urais, zile zinazoitwa 34A, katika tovuti iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000, na kila kimoja kilikuwa na karatasi yake yenye jina la mahali, tarakimu na sahihi. Kwa siku kadhaa kabla ya matokeo kutangazwa Agosti 15, vijana wenye ujuzi wa tarakilishi walizipakua na kujumlisha wenyewe, huku vyombo vya habari vikitoa hesabu zilizotofautiana na kuwatia watu wasiwasi. Mkazi wa Kitale hakuhitaji kumwamini mchambuzi yeyote. Aliweza kuifungua fomu ya shule aliyopigia kura na kuilinganisha na karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo.

Kwa wakazi wa Mlima Elgon hakukuwa na fomu ya kufungua. Mwaka wa 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika eneo hilo kusikiliza wananchi, na maelezo hayo yakaingia katika ripoti iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Huo ulikuwa ushahidi wa kale, wa mtu kusimama mbele ya wenzake na kusema. Wanawake walieleza kuhusu waume na wana waliochukuliwa Machi 2008, wakapelekwa Kapkota, na hawajarudi.